Kitambaa cha Kuchujia Maji Meusi

Rehema aliniomba karatasi moja tu: namna ya kuchemsha majani, kipimo chake, basi. Nimekaa mezani hapa Kwai wiki ya pili sasa, ukungu umeziba dirisha, na ile karatasi moja imeshazaa nyingine. Mtanisamehe. Kila nikijaribu kuandika kipimo peke yake, kinakataa kukaa bila watu waliokitafuta.

Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha samaki, nisomeni mkiwa na kikombe mkononi mkitaka, lakini msomee nje. Chai haiingii mle ndani. Sabuni pia haiingii, wala mikono iliyopaka mafuta, na mtaona huko mbele ni kitu gani kingine hakiingii.

Sikuajiriwa kufuga samaki. Niliajiriwa kupiga deki. Chumba chenyewe kilikuwa banda la zamani la miche, nyuma ya ofisi za kituo pale Lushoto, ukishaliacha soko na kuanza kupanda. Ndani mlikuwa na matangi ya vioo kumi na mawili, na ndani ya matangi samaki wadogo wa mito yetu ya Usambara, wale ambao hakuna anayewala na kwa hiyo hakuna anayewalilia. Kazi ya kituo ilikuwa kuwatunza wasipotee. Nilidhani ni kazi ya watu waliokosa shughuli. Kwetu tulikuwa na kabeji, karoti, ng'ombe wawili na ndugu sita, na sikuwahi kumwona mtu mzima akimtazama samaki kwa zaidi ya muda unaotosha kumkaanga.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Mzee Singano amesimama mlangoni. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa matangi, mtu mfupi, kofia ya kitambaa, sweta lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Ujana wake aliumaliza kwenye kiwanda cha magome ya miwati, akichemsha magome yatoe dawa ya kulainishia ngozi, na ngozi ya vidole vyake ilibaki na rangi ya kahawia mpaka anakufa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete mikono."

Nikampa, nikidhani ananisalimia kwa mkono. Akaishika, akaiinua mpaka puani, akainusa kama mtu anayechagua nanasi.

"Sabuni ya kunukia. Na mafuta ya nazi juu yake."

"Mzee, nimejipamba kuja kazini, siyo machungani."

"Hawa wanaishi ndani ya kile unachowapa," akasema, akionyesha matangi kwa kidevu. "Wewe ukikosea chumvi, mumeo ataisukuma sahani. Samaki hana pa kuisukuma. Rudi bombani, nawa kwa maji matupu, kausha kwa hewa."

Nilinawa kwa maji ya Lushoto ya mwezi wa saba. Anayeyajua maji hayo ataelewa kwamba niliporudi sikuwa na hamu ya kubishana.

Baada ya mwaka mmoja wa deki, Mzee Singano alianza kuniachia kazi moja moja. Kwanza kubadilisha maji, ndoo kwa ndoo, maji yaliyolala siku nzima yatulie. Kisha kusoma kipimajoto. Kisha kujaza maji ya moto kwenye chupa na kuziweka zielee ndani ya matangi umeme unapokatika, maana hita zetu zilikuwa zinakufa pamoja na taa, na baridi yetu haisubiri fundi. Niligundua kwamba nimeanza kuwatazama samaki kwa muda mrefu kuliko wa kukaangia.

Ndipo wakaletwa wale wa kinamasi.

Walitoka upande wa Kwamkoro, chini ya mashamba ya chai, mahali ambapo kijito kinatoka msituni na kutuama chini ya miti. Walikuwa na urefu wa kidole cha mwisho. Kwenye karatasi waliandikiwa jina refu la kitaalamu ambalo kila mtu alilitamka kivyake, kwa hiyo sisi tukawaita wale wa kinamasi, na jina hilo halikumshinda mtu. Walifika ishirini na tatu ndani ya madebe ya plastiki. Miezi mitatu baadaye walibaki kumi na wanne, katika matangi matatu.

Hawakuwa wagonjwa hasa. Walipauka. Walijibana pembeni ya kioo kama wageni waliofika kwenye sherehe siyo yao. Mara mbili majike yalitaga, na mara zote mbili mayai yakaota ukungu mweupe kama pamba kabla ya siku ya tatu. Maji yao yalikuwa safi, unaweza kusoma barua kupitia tangi, na tulijisifu kwa usafi huo.

Mzee Singano alikaa mbele yao siku moja, mikono magotini, akaniuliza, "Wewe uliona madebe waliyokuja nayo. Maji yalikuwa na rangi gani?"

"Machafu. Kama chai ya rangi."

"Mchana kutwa natazama, na jibu ulikuwa nalo wewe," akasema. "Wale hawajawahi kuona mwanga namna hii. Kule juu yao kuna majani, chini yao kuna majani yaliyooza. Sisi tumewavua nguo tukawaweka barazani."

Hapo ndipo kazi ya maji meusi ilipoanza, na ilianza kwa makosa ya kawaida. Mkuu wa kituo, mtu mwema mwenye haraka, alishauri tutumie chai yenyewe, si inalimwa hapo hapo walikotoka? Mzee Singano akamjibu kwa heshima kwamba samaki wana shida ya maji, siyo ya kifungua kinywa. Mimi nikaleta majani ya mkafuri uliokuwa nyuma ya ofisi, kwa kuwa yalikuwa mengi na yameanguka yenyewe. Mzee alilisugua moja kwenye kiganja, akaniwekea puani. "Hili ni la kufukuzia nondo kabatini. Unataka kumfukuza nani?" Yeye mwenyewe akajaribu magome ya miwati, kwa mapenzi ya kazi yake ya zamani. Tulijaribu kwenye tangi lisilo na kitu. Maji yakawa wino, na karatasi ya kupimia asidi ikageuka rangi tusiyokuwa nayo kwenye kadi. Akayamwaga shimoni, akasema miwati ni mizuri kwa viatu.

Jani lililokubali ni la mkungu, ule mti wa pwani wenye kivuli kama mwavuli. Kwetu baridi inaukatalia, kwa hiyo tulimwagiza dereva wa kituo kila anaposhuka Muheza. Andikeni haya, Rehema, ndiyo uliyoyaomba.

Chukueni majani yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka, rangi ya matofali. La kijani hapana, la njano lisubiri. Lisiwe limeokotwa kando ya barabara, linabeba vumbi na mafuta ya magari. Yasugueni kwa maji matupu, yakatwe vipande kwa mkono. Majani kumi makubwa kwa sufuria ya lita tano. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Moto mdogo: yakitokota kwa fujo yanatoa povu na uchungu. Yasinzie jikoni saa moja na nusu mpaka yawe kama chai ya mtu anayekesha. Funikeni, muache yapoe yenyewe, msiyaharakishe kwa maji ya baridi. Kisha yachujwe kwa kitambaa, yatiwe kwenye chupa, yawekwe gizani. Kikombe kimoja kwa ndoo ya maji, na jicho ndilo lenye neno la mwisho: ukiweka kiganja nyuma ya tangi, ukione, lakini usihesabu mistari yake.

Na kanuni ya Mzee Singano, ambayo hakuiandika popote kwa sababu aliamini haisahauliki: sufuria mpya ya maji ni ngeni kila siku. Tangi moja kwanza. Samaki mmoja ndani yake. Kesho yake ndiyo mengine.

Mimi niliisahau.

Ilikuwa sufuria yetu ya kwanza ya mkungu. Mzee alikwenda Soni kwenye msiba, akaniachia moto na maelekezo. Majani yalichemka vizuri, nikayaacha yapoe, nikarudi nyumbani. Asubuhi nikakumbuka kwamba kitambaa chetu cha kuchujia kilikuwa kimechanika. Nikatoka nyumbani hapa Kwai, nikapita nyuma kwa kaka yangu Daudi, nikaona kipande cha kanga cheupe kimeanikwa kwenye ua, kimefuliwa, kimekauka, kimelainika vizuri kwa kazi hiyo. Nikakivuta, nikakitia mfukoni, nikawahi gari.

Nilichuja. Maji yalitoka mazuri mno, mekundu meusi, jua la dirishani likipita ndani ya jagi kama linapita kwenye asali. Nikakumbuka kanuni, kweli nilikumbuka. Lakini nilikuwa nimewatazama wale samaki wakipauka miezi mitatu, na nilikuwa na dawa mkononi. Nilitaka Mzee arudi kutoka msibani akute wamekolea rangi. Nikamimina tangi la kwanza, nikamimina la pili. Jagi likaisha kabla ya la tatu, nikaenda nje kulijaza.

Niliporudi walikuwa juu. Wote wa matangi mawili, midomo nje ya maji, wanavuta hewa. Mmoja alianza kuzunguka kama mtu aliyelewa. Nikadhani wamefurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini naliandika: kwa muda wa pumzi tatu au nne nilidhani wamefurahi.

Mzee Singano aliingia akiwa bado na koti la msibani. Aliinua wavu, akaanza kuwahamisha kwenye ndoo ya maji safi mmoja mmoja, bila haraka na bila kusimama. Walikuwa tisa. Hakuna hata mmoja aliyefika jioni.

Alinusa jagi. Alinusa sufuria. Kisha akachukua kile kitambaa, akakinusa, akakishusha.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Jikoni au shambani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nikapanda gari la mchana kurudi Kwai. Nilimkuta Daudi kwenye kabeji, bomba la kupulizia dawa mgongoni.

"Kaka, kile kitambaa cha uani, unakifanyia nini?"

"Kipi, ulichokiiba asubuhi? Nachujia utupa. Bomba likipata majani linaziba."

Nikakaa chini kwenye tuta.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulikinyakua kama mwewe, hata shikamoo sikuipata." Akanitazama, akashusha bomba. "Mama Yona, kuna nini? Nani kafa?"

Kwa wasio watu wa milimani: utupa ni kichaka tunachokipanda pembezoni mwa shamba. Majani yake hupondwa na kulowekwa, maji yake huua wadudu wa kabeji. Lakini zamani kabla ya mabomba, watu waliyaponda na kuyatia mtoni, na samaki wakaelea. Mtoto yeyote wa Kishambaa anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Nililijua. Mama yangu alinichapa mara moja kwa kucheza na majani yale karibu na kisima. Nililijua kama ninavyolijua jina langu, na halikunisaidia kitu, maana nilikuwa nimeliweka upande wa shamba, na samaki nilikuwa nimewaweka upande wa ofisi, na kati ya pande hizo mbili alikuwa akipita mtu mmoja tu kila asubuhi, na mtu huyo ni mimi.

Nilirudi kazini kesho yake na barua ya kuacha kazi. Mzee Singano hakuisoma. "Vaa viatu," akasema, "tunakwenda kuchota wengine."

Tukashuka Mombo, tukafuata barabara kuu mpaka Muheza, tukapanda tena upande wa pili kwenye msitu na chai. Njia nzima nilijiambia kwamba kosa linasahihishika, kwamba kinamasi kimejaa. Tulipofika, tulikuta mfereji mpya umekatwa kutoka kwenye kijito, udongo bado mwekundu, na pale palipokuwa na maji pamepandwa magimbi na miwa, kwa mistari iliyonyooka vizuri. Mwenye shamba alikuwa kijana mchangamfu. Alitukatia muwa.

"Samaki? Walikuwepo, ndiyo. Maji yalipoondoka sijui walikwenda wapi."

Hakuwa na kosa. Alikuwa na watoto na magimbi. Tulizunguka siku mbili, juu na chini ya kijito, kwa nyavu na kwa ndoo. Tukapata kaa na viluwiluwi.

Kwa hiyo waliobaki, kwa kadiri ya macho yetu, walikuwa watano. Wale wa tangi la tatu, waliookolewa na udogo wa jagi. Tulichukua siku mbili nyingine kuwa na uhakika kwamba kati yao kuna madume: wawili, wenye ukingo mwekundu kwenye pezi la mkia, mwembamba kama uzi.

Nilidhani Mzee ataichukua kazi ya maji meusi mikononi mwake. Badala yake alipigilia msumari juu ya jiko, akatundika kile kitambaa cha Daudi, kikavu, kisiguse kitu. Kisha akanikabidhi sufuria mpya, ambayo alikuwa ameinunua mwenyewe, na kitambaa kipya.

"Mzee, mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Mtu mwingine bado hajakosea. Kosa lake sijui liko wapi. La kwako nalijua, liko pale ukutani."

Mkuu wa kituo aliniuliza baadaye kama mzee amenisamehe. Sikumbuki kama tuliwahi kulitumia neno hilo. Tulichemsha majani.

Tangi moja, samaki mmoja, usiku mmoja katikati. Asubuhi alikuwa anazunguka taratibu chini, karibu na mchanga, ametanua mapezi. Baada ya wiki mbili ule uzi mwekundu wa mkia ulikuwa umenenepa, ukawaka kama kaa la moto linalopulizwa. Maji yale yaliwapa mahali pa kujificha, na mtu akishakuwa na mahali pa kujificha ndipo huanza kutoka nje.

Tulifunga nyuzi za katani, zilizochemshwa mara tatu, tukaziteremsha kama ndevu ndani ya maji, wapate pa kutagia. Kila asubuhi nilizipitia uzi kwa uzi. Siku moja nikagusa kitu kigumu, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Nikagusa kingine. Mzee alileta kioo chake cha kukuzia, akainama.

"Yana ukungu?" nikauliza.

"Subiri."

Siku ya tatu yalikuwa angavu. Siku ya sita yalikuwa na macho, nukta mbili nyeusi katika kila yai, yakitutazama jinsi sisi tulivyoyatazama. Yalipoanguliwa, Mzee Singano alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. "Wamefika," akasema. Kisha akanituma nikachemshe majani mengine, kwa kuwa chupa zilibaki mbili.

Miaka iliyofuata siwezi kuiandika kwa mpangilio, kwa sababu mwaka mzuri wa samaki haulingani na kisa chochote. Matangi yalijaa, tukaomba rafu nyingine. Tulipeleka baadhi kwenye mabwawa matatu madogo ndani ya hifadhi. Bwawa moja lilikataa, mawili yamekubali, na yana rangi ya chai kwa jitihada za miti yenyewe. Mzee alistaafu akarudi Soni. Alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, na swali lake lilikuwa moja: "Kitambaa kipo?" Nikimjibu kipo, ananiuliza habari za Yona. Alipofariki, nilienda kuzika nikiwa na mikono isiyo na mafuta. Hakuna aliyeligundua hilo isipokuwa mimi.

Na Rehema alipoajiriwa, na cheti chake cha chuo, nilimnusa mikono. Alikasirika zaidi yangu.

Sasa siku yangu ya mwisho kazini, ambayo nusu yenu mlikuwepo. Wageni wameketi, mkuu mpya amefunga tai, nimeshavishwa kanga ya zawadi mabegani. Akasema Mama Yona atumiminie maji yake meusi kwenye matangi yote, tupige picha, iwe kumbukumbu. Watu wakapiga makofi. Jagi lilikuwa jipya, la asubuhi hiyo, nimelichuja mwenyewe. Nililiinua. Na ninakiri kwamba nilikuwa nimeshakwenda hatua mbili kuelekea tangi la kwanza, nikitabasamu kwenye simu za watu.

"Samahani, mama."

Rehema alikuwa amesimama kati yangu na rafu.

"Hayo ya leo?"

"Ya leo."

"Tangi moja kwanza," akasema. "Mengine kesho."

Mkuu akacheka. "We Rehema, huyu ndiye aliyekufundisha! Kesho hatakuwepo."

"Mimi nitakuwepo," Rehema akasema. Wageni walikuwa wengi, lakini hakusogea. Macho yake yalipanda juu ya jiko, kwenye msumari, yakarudi kwangu. Kisha akaiondoa kanga ile mpya mabegani mwangu, taratibu, akaikunja, akampa mgeni aliyekuwa karibu na mlango aishike nje. Ilikuwa bado na harufu ya dukani.

Nilimpa jagi. Alimimina kikombe kimoja, tangi moja, samaki mmoja. Picha haikupigwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa hapa, kwenye baraza, sina pa kuwahi kwa mara ya kwanza maishani. Simu ikalia.

"Shikamoo mama. Yuko chini, anakula."

"Marahaba, mwanangu. Kitambaa kipo?"

"Kipo."